Siku Spika Zilipogoma Kunyamaza

Mimi nina hasira za karibu, nisiwafiche. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa mwezi wa kumi, jua la Shinyanga likiwa limekausha hata mate mdomoni, na ndiyo sababu. Sijui. Ninachojua ni kwamba kazi yangu inataka mtu mpole, na nimeifanya miaka kumi na mbili bila upole wowote. Ni fundi mitambo wa bendi. Wanaume sita wanapanda jukwaani, mimi mwanamke nakaa chini mbele yao, nyuma ya miksa, ile meza ya vifundo inayokusanya sauti zote na kuzipeleka kwenye spika. Wakipiga vizuri, watu wanawapigia makofi wao. Wakiharibu, watu wote wanageuka kunitazama mimi.

Mwimbaji wetu mkuu tulimwita Mzee hata kabla hajazeeka. Sauti yake ilikuwa haihitaji maiki; kwenye kumbi za Kahama nilikuwa nampunguza yeye ili gitaa nalo lipate nafasi duniani. Halafu rovu likamwota shingoni. Mwanzoni alilifunika kwa skafu, akasema ni mtindo wa wanamuziki, tukacheka naye. Likakua. Akawa anapumua kwa shida akilala, mpaka mkewe akamshika mkono wakaenda hospitali, likatolewa. Daktari alikuwa amemweleza mapema kwamba mishipa ya sauti inapita hapo hapo, na huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Kweli, ilirudi ndogo. Ndogo, nzito, ina upepo ndani yake, kama mtu anayekusimulia jambo huku watoto wamelala. Mwaka mzima hakuimba. Alikuwa anakuja mazoezini anakaa kwenye kiti, anatikisa manyanga, na mpiga solo anaimba badala yake, vibaya, Mungu amsamehe.

Basi binti yake wa mwisho akapata mchumba. Sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa, ikapangwa nyumbani kwa Mzee, kijijini karibu na Ushirombo, na bendi ikaambiwa ijiandae. Wiki moja kabla, Mzee alikuja kwangu Shinyanga peke yake, kwa basi, bila kunipigia simu. Nilijua si bure.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi."

Nikamletea maji. Akanywa kidogo kidogo, maana kumeza nako kulikuwa kumebadilika.

"Siku ile baba wa binti anatakiwa aseme neno," akasema. "Mimi maneno ya kusimama na kuhutubia siyajui. Miaka yote nimesema kwa kuimba. Nataka nimwimbie wimbo wetu ule, ule wanaouomba kila mahali."

"Sawa. Tutaupiga."

"Sikiliza kwanza. Siwezi kushindana na kitu chochote. Nimejaribu nyumbani, feni tu inanishinda. Kukiwa na kelele hata kidogo, sisikiki." Akazungusha glasi mezani. "Nikisimama mbele ya mwanangu na wakwe zake, nikafungua mdomo, wasinisikie, basi. Sitashika tena maiki. Nakuambia wewe peke yako, hata mama yao hajui."

Nikamwambia, "Utasikika, Mzee." Nilisema haraka kwa sababu machozi yalikuwa yananikaribia, na mimi sipendi kulia mbele za watu.

Siku ya sendofu tulitoka Shinyanga alfajiri kwa lori la Kenta la kukodi, tukapita Kahama, tukapita Masumbwe, saa tatu asubuhi tukawa uwanjani kwa Mzee. Sherehe yenyewe ilikuwa ya mchana. Upande wa mama wa binti una ndugu wengi wanaofanya kazi kwenye mgodi wa Bulyanhulu, na baadhi yao walikuwa na zamu ya usiku, kwa hiyo saa nane tunaanza, jua likizama watu waondoke. Nikaliona hilo ni jambo jema. Nikashusha spika, nikatandaza waya, nikachukua umeme ndani ya nyumba moja kwa moja kwenye meni swichi, maana jenereta siliamini. Saa nne nikawasha mitambo.

Kimya. Kimya kizuri! Nikapandisha kifundo cha maiki ya Mzee mpaka juu kabisa, ukamsikia kuku anaparura nje ya turubai. Mzee akaimba mstari mmoja kwa kujaribu. Ile sauti yake ndogo ikatoka kwenye spika ikiwa imenyooka, na wanawake waliokuwa wanamenya viazi wakanyanyua vichwa. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa mara moja. Nikazima kila kitu, nikaenda nyuma ya jiko kula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, pamoja na mama wadogo wa bi harusi. Nilicheka sana pale. Niliamini kazi imeisha.

Saa saba na nusu nikarudi, nikawasha.

Mmmmmmmmm.

Jamani! Kama hujawahi kusimama mbele ya spika mbili kubwa zinazovuma, huwezi kujua. Si kelele ya kuumiza masikio. Ni mvumo mzito wa chini, hauna mwanzo wala mwisho, unaingia kifuani na kukaa. Siku nyingine ningeuacha. Ngoma zikianza hakuna anayeusikia, hata mimi mwenyewe. Lakini sauti mpya ya Mzee ilikuwa inaishi mahali palepale mvumo ulipokuwa umekaa. Nikipunguza zile sauti nzito ili kuuondoa mvumo, namwondoa na Mzee. Nikimwongeza Mzee, mvumo nao unaongezeka. Hapakuwa na ujanja wa vifundo. Ilikuwa lazima utolewe.

Nikaanza kama nilivyozoea. Nikafunga njia zote kwenye miksa, spika zikanyamaza. Vizuri, kwa hiyo spika ni nzima, na mdudu anaingia kupitia vyombo. Nikafungua njia moja moja. Kinanda: mmm. Maiki: mmm. Gitaa la besi: MMMMM. Nikasema, nimempata mchawi.

Besi inapigwa na shemeji yangu, aliyemuoa mdogo wangu. Sasa shemeji ni mtu wa kutaniwa, lakini siku ile sikuwa na utani.

"Wewe! Toa hilo dubwana lako la miguuni!"

Alikuwa na kisanduku kimoja cha kukanyaga, cha kunogesha sauti ya gitaa, alikinunua kwa mtu Kahama, anakipenda kuliko mdogo wangu.

"Shemeji, unanionea. Asubuhi kilikuwa hapahapa na kilinyamaza."

"Nimesema kitoe!"

Akakitoa, amenuna. Mvumo ukabaki. Nikabadilisha waya wake. Ukabaki. Nikamwambia ahamishe amplifaya. Akahamisha, jasho linamtiririka kwenye shati la sare, na mvumo ukabaki pale pale ukitusubiri. Nikaona waya wa maiki umepita chini ya zulia pamoja na eksitensheni ya umeme, zimelaliana. Nikazitenganisha kwa magoti. Ukapungua kidogo, ukabaki. Nikafuata eksitensheni mpaka mwisho wake, nikakuta mtu amechomeka friji la soda.

"Nani kachomeka friji kwenye umeme wangu?"

Mama mmoja wa kamati akajitokeza, mikono kiunoni. "Mimi. Wageni watakunywa soda ya moto?"

"Watakunywa hata ya kuchemsha!" Nikalichomoa. Nikageuka na furaha yangu yote kusikiliza.

Mmmmmmmmm.

Nikarudisha friji, nikamwomba yule mama samahani, akaniambia, "Pole, mwenzangu," kwa upole ambao ulinichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Wageni walikuwa wameshaanza kukaa. Wale wa Bulyanhulu waliingia pamoja, wamevaa mashati ya kufanana, wakawapungia bendi mikono. Mshereheshaji akanijia na karatasi yake ya ratiba, akaniuliza tunaanza lini. Nikamwambia asinichefue.

Hapo Mzee akaja mwenyewe. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, amepaka mafuta nywele. Alichukua maiki, akaisogeza mdomoni, na palepale akairudisha nyuma.

"Inaninyonya midomo," akasema.

"Inakunyonya vipi?"

"Kama ulimi ukigusa betri."

Nikamnyang'anya ile maiki kama mtoto aliyeshika kisu. Mzee akanitazama, akazitazama spika zinavyovuma, akaniwekea mkono begani. Laiti angenigombeza! Akaenda kwa mshereheshaji, na kwa kuwa nilikuwa karibu nikamsikia: "Kwenye neno la baba, niondoe. Mweke baba yake mdogo." Mshereheshaji akatoa kalamu.

Niliketi juu ya sanduku la spika nikaona aibu. Nilikuwa nimeahidi. Na muda ule wote nilikuwa nimeutumia kumfokea mtu ambaye alinipa jibu mwanzoni kabisa: asubuhi kilinyamaza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shemeji alisema kweli. Baba yangu, aliyekuwa fundi redio pale Songwa, alikuwa akiletewa redio inayokoroma, haulizi inakoroma kwa nini. Anauliza, imeanza lini? Mimi nilikuwa nimeruka swali la baba yangu, nikakimbilia kutafuta mtu wa kulaumu.

Saa nne palikuwa kimya. Saa saba na nusu pakawa na mvumo, na maiki inanyonya midomo. Vyombo vyangu ni vilevile, waya ni zilezile. Umeme unaonyonya midomo ni umeme uliokosa njia ya kushuka chini. Kila nyumba yenye umeme ina waya mmoja unaotoka kwenye meni swichi, unateremka ukutani mpaka kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, ili umeme unaopotea uende zake mavumbini. Mafundi tunauita waya wa ethi. Huo ukikatika, umeme uliopotea unazurura kwenye vyombo, unavuma, na mwisho unamtafuta mtu.

Nikainuka. "Shemeji, chukua plaizi, nifuate."

"Nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Nilikuonea. Twende."

Tukazunguka nyumba, nautazama ule waya unavyoshuka ukutani kutoka dirisha la sebuleni, ukakunja kona, ukapita nyuma ya choo cha nje. Na pale, kwenye kivuli cha ukuta, amesimama ng'ombe.

Mtamba. Mweusi mwenye doa jeupe usoni, mnene, ameoshwa mpaka anang'aa, shingoni amevikwa utepe mwekundu. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha ethi, fundo zuri la mfugaji ambalo haliachii. Alikuwa amekivuta chuma mpaka kimelala upande, na waya wangu ulikuwa umenyofoka, umelala kwenye samadi.

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mjomba wake bi harusi, kaka wa mama yake, mzee wa makamo mwenye kofia na fimbo, ametulia kabisa. Nilikuwa nachemka, lakini mtu mzima ni mtu mzima.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Umekuja kumwona mtamba wetu?"

"Mjomba, huyu ng'ombe umemfunga kwenye nini?"

"Kwenye kigingi." Akakigonga kwa fimbo, ameridhika. "Shemeji yangu mwenye mji huu safari hii amefanya la maana. Kigingi cha chuma! Hakiozi, mchwa hawali."

Nyuma yangu shemeji akatoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Nilijua akicheka tu na mimi nimekwisha.

"Mjomba, hicho si kigingi."

"Kama si kigingi, kwa nini kimepigiliwa ardhini?"

Jamani, ningejibu nini? Mtu amechunga ng'ombe tangu ana miaka sita. Anafika kwenye mji wa watu na mnyama wa zawadi, anaona chuma kimechomoza ardhini kwenye kivuli, mahali pazuri pasipo na watoto. Huyo ukimwambia hicho ni kitu cha umeme atakuona wewe ndiye uliyerukwa na akili. Hasira yangu ikaanza kupungua yenyewe, bila ruhusa yangu.

Nikamweleza. Nikamwomba amfungue, amfunge kwenye mti ule pale. Akakataa. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa.

"Mtamba wa mjomba hafungwi mara mbili," akasema. "Nimemfunga mimi, nitamfungua mimi mbele ya binti, na kamba nitampa mkononi. Nikimfungua sasa, watu wakaniona nahangaika naye huku na huku, watasema mjomba ameanza kusita. Watasema anatafuta njia ya kurudi naye nyumbani."

"Mjomba, nani atasema hivyo?"

"Dada zangu."

Hapo sikubishana. Nawajua dada za watu. Nikamwambia jambo moja tu, na sikulipanga. "Shemeji yako alitaka kumwimbia bintiye leo. Ameshajiondoa kwenye ratiba kwa sababu ya huu mvumo."

Yule mzee akanyanyuka kwenye kiti. "Ataimba? Shemeji yangu? Si walisema sauti imekwisha?"

"Ipo, lakini ni ndogo. Palipo na kelele haisikiki."

Akaiweka fimbo chini, akamshika mtamba pembe kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine. "Ingia," akasema. "Fanya kazi yako. Fundo silifungui, lakini hatakupiga teke mimi nikiwa hapa."

Nikakimbia ndani kwanza nikazima meni swichi; sikuzaliwa jana. Turubai zima likapiga kelele, "Umeme!" Nikarudi, nikapiga magoti kwenye samadi na gauni langu la sherehe, nikaingia chini ya tumbo la ng'ombe maana chuma kilikuwa upande wa pili na ukuta haukuacha nafasi.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," akasema shemeji huku akinipa plaizi.

"Subiri nitoke huku."

"Nasubiri, Shemeji. Leo mimi mtumwa wako, nitumie tu."

Nikakwangua kutu kwa kisu mpaka chuma kikang'aa. Nikausafisha waya, nikaupitisha kwenye kibano chake, nikakaza mpaka vidole vikauma. Tukakisimamisha kile chuma, shemeji akakigonga kwa jiwe, kikashuka. Ardhi ilikuwa kavu mno, imepasuka, kwa hiyo nikamtuma jikoni akaleta ndoo ya maji yenye chumvi, nikaimimina polepole pale chini ili umeme upate njia. Muda wote ule mjomba alikuwa anampigia mtamba mluzi mdogo wa machungani, ule wa kumwambia ng'ombe kwamba hakuna jambo, na nakiri ulinituliza na mimi. Mtamba alinikanyaga upindo wa gauni, akanipumulia shingoni, lakini hakupiga teke.

"Akivuta tena?" nikauliza nikitoka, nimechafuka mpaka kwenye nyusi.

Mjomba akaikusanya kamba mkononi, ikawa imelegea kati yake na chuma. Akavuta kiti chake karibu, akakaa. "Hatavuta. Nitaishika mimi mpaka shemeji yangu amalize."

"Lakini hapa hutamwona akiimba."

"Si umesema atasikika?"

Nikaenda kuwasha meni swichi. Nikarudi kwenye miksa, nikapandisha vifundo kimoja baada ya kingine. Kinanda. Besi. Maiki zote. Nikasikiliza. Nikaweka kiganja kwenye uso wa spika, maana mvumo mdogo unausikia kwa ngozi kabla ya sikio.

Hakuna kitu.

Mshereheshaji akaja mbio. "Fundi, washa basi mitambo, tumechelewa!"

"Imewashwa."

"Mbona kimya?"

Akagonga maiki kwa kidole. BUU! Mtoto mmoja akaangusha soda, na watu wa Bulyanhulu wakacheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nikakaa juu ya lile sanduku nikashusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeishika tangu saa saba na nusu. Sijawahi kupenda ukimya namna ile. Ningeweza kuukumbatia.

Nikamfuata Mzee alipokaa, nikamshika mkono wa suti, nikamwachia alama ya samadi. "Mzee, njoo."

"Umeutoa?"

"Njoo usikilize mwenyewe."

Nilijaribu ile maiki kwa midomo yangu kwanza, mbele yake. Kisha akaigusa na ya kwake. Akakaa nayo hivyo kidogo, kama mtu anayesubiri kuumwa na mdudu. Akaitoa, akamwambia mshereheshaji, "Nirudishe."

Neno la baba likafika. Bi harusi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilichopambwa, mpambe wake pembeni, wakwe upande wa pili. Nikamwambia mpiga ngoma apumzike. Kinanda kikashusha wimbo sauti tatu chini, shemeji akapiga besi kwa ncha za vidole tu, bila kisanduku chake, Mungu ambariki. Nikampandisha Mzee mpaka mwisho wa kifundo.

Sasa niwaambie kitu kuhusu wimbo ule. Tulikuwa tumeupiga miaka kumi na mbili, Kahama, Geita, kwenye baa za wachimbaji, kwenye harusi, na watu wanachojua ni kiitikio chake tu: "Nifungulieni! Nifungulieni!" Hapo wanaruka, wanamwaga bia, kila mtu anamfungulia mpenzi wake. Beti zake zilikuwa zinapita chini ya ngoma, na Mzee alikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba ulisikia sauti, hukusikia maneno. Hata mimi. Mimi niliyekaa mbele yake miaka yote hiyo, ningeweza kukuambia kila noti imekaa wapi, ila ungeniuliza wimbo unasema nini, ningesema ni wa mapenzi.

Akaimba, na kwa sababu sauti ni ndogo watu wote wakainama mbele. Aliimba kwamba amekwenda kupiga muziki mbali, na atarudi alfajiri. Aliimba kwamba kibatari wakiache dirishani. Kwamba kuna mtu mdogo ndani ya nyumba ambaye hulala akimngoja, na akiamka akiuliza, wamwambie baba yuko njiani, hajapotea, amechelewa tu. Nikichelewa msinifungie. Nifungulieni. Hakuna aliyeruka. Turubai zima, watu zaidi ya mia, unasikia shuka la turubai likipigwapigwa na upepo, na chini yake yule baba anaomba asifungiwe mlango.

Alipomaliza hapakuwa na makofi. Bi harusi alikuwa amesimama. Mpambe alijaribu kumshika, akamtoa mkono, akavuka uwanja na gauni lake refu mpaka mbele ya baba yake, karibu kabisa na maiki. Sikuifunga. Kazi yangu ilikuwa kuifunga pale, na sikuifunga.

"Baba," akasema, na spika zikamtoa safi kwa kila mtu, mpaka kwa mjomba aliyeshika kamba nyuma ya nyumba. "Kumbe ulikuwa unaniimbia mimi?"

Mzee akamtazama kana kwamba ameulizwa jua linachomoza wapi.

"Sasa nani mwingine?"

Vigelegele vikalipuka kutoka jikoni. Mimi nilikuwa nimeinamia miksa, nalia kwa sauti, na sikumficha mtu.